Je, utawala wa mauaji ya kimbari unaweza kuibuka tena? Twende Butare

Mwezi Mei 1994 wavuvi wa Kasensero, mwambao wa Uganda wa Ziwa Victoria, waliacha kuvua samaki wakawa wanaopoa maiti. Miili ilikuwa ikishuka na Mto Kagera kutoka Rwanda, mingi imekwisha kuvimba, mingine mikono imefungwa nyuma. Zaidi ya watu 10,000 walizikwa katika makaburi ya pamoja ya Kasensero, Lambu na Ggolo, bila majina. Kandokando ya ziwa watu walikaa muda mrefu hawathubutu kula samaki.

Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, tarehe 22 Novemba 1992, mwanasiasa msomi aitwaye Léon Mugesera alisimama kwenye mkutano wa chama tawala huko Kabaya, kaskazini-magharibi mwa Rwanda. Aliwaambia waliokusanyika kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia, alikodai ndiko kwao, kwa njia ya mkato, kwa kupitia Mto Nyabarongo. Maji ya Nyabarongo huingia Kagera, na ya Kagera huingia Victoria. Waliomsikia siku ile wanajua jiografia ya nchi yao. Alikuwa anawaonyesha njia ambayo maiti zitapita.

Nimeanzia mtoni kwa sababu swali hili linaulizwa sana siku hizi, kijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp: je, dunia ya leo, yenye intaneti, Umoja wa Mataifa na mahakama za kimataifa, inaweza kuzaa tena utawala wa kidikteta wa kuangamiza watu kwa kabila lao au dini yao? Na kila linapoulizwa, macho yetu hukimbilia Ujerumani, kwa Hitler na masharubu yake na maelfu ya watu walionyoosha mkono. Tunatafuta mtu wa sura ile. Tusipomwona, tunashusha pumzi.

Mimi naona tunachungulia mlango usio wenyewe. Jibu langu ni ndiyo, unaweza, na nitaeleza kwa nini. Ila ukitaka kuujua utawala wa namna hiyo, usimtazame sana anayekaa juu. Tazama kinachotokea siku amri inapofika mezani kwa mkuu wa mkoa, kwa karani, kwa mwalimu mkuu, kwa kijana aliyewekwa kwenye kizuizi cha barabarani. Habari hizo tunazo kwa kina, maana Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikaa hapa Arusha kwa miaka, ikashitaki watu 93, na mashahidi wakaeleza siku moja moja, saa moja moja.

Neno "tena" linatudanganya

Baada ya 1945 dunia iliapa kwamba halitatokea tena. Mwanasheria Raphael Lemkin, Myahudi wa Poland ambaye ndugu zake wengi waliangamizwa, ndiye aliyelibuni neno la kimataifa la uhalifu huu mwaka 1944, na tarehe 9 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba wa kuuzuia na kuuadhibu. Sisi tunasema mauaji ya kimbari. Mbari ni ukoo, watu wa shina moja, na jina hilo limekamata kiini chake: mtu anauawa kwa sababu ya alikozaliwa, hata kama hajafanya lolote na hana la kujitetea. Mkataba unataja makundi manne, yaani taifa, kabila, rangi na dini, na unataka ithibitike kwamba muuaji alikuwa na nia ya kuliangamiza kundi lote au sehemu yake.

Hapo ndipo mambo mengi hujichanganya. Mauaji ya halaiki ni mauaji ya watu wengi kwa mkupuo, na si lazima yawe ya kimbari. Idi Amin alikuwa dikteta na damu nyingi ilimwagika chini yake, lakini utawala wake kwa kawaida hauhesabiwi kuwa wa mauaji ya kimbari. Huko Kambodia, kati ya Aprili 1975 na Januari 1979, watawala wa Kikomunisti walioitwa Khmer Rouge walisababisha vifo vya watu kama milioni 1.7, lakini mahakama ilipotoa hukumu mwaka 2018 ilitumia neno hilo kwa makundi ya wachache ya Wacham na Wavietinamu tu, kwa kuwa Wakhmer waliuawa na Wakhmer wenzao. Kwa mama aliyepoteza wanawe watano tofauti hiyo haina maana yoyote. Kwa sheria, ina maana kubwa.

Baada ya kiapo cha 1948 ikaja Burundi ya 1972. Warundi huyaita mauaji ya mwaka ule ikiza. Jeshi la Rais Michel Micombero liliwasaka Wahutu, hasa waliosoma: walimu, makarani, wauguzi, hata wanafunzi wa sekondari walioitwa majina darasani wakapandishwa kwenye malori. Makadirio yanaanzia watu 100,000 na kupanda hadi 300,000. Hakuna mahakama ya kimataifa iliyowahi kuitishwa. Waliokimbia walipokelewa Tanzania, wakafungua mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na wengi wao leo ni Watanzania. Ukiuliza kama utawala wa namna hii unaweza kuibuka tena, mzee wa Mishamo atakuuliza: tena baada ya upi?

Ujerumani, kwa haraka

Ya Ujerumani yameandikwa sana, kwa hiyo nitachukua jambo moja tu. Chama cha Nazi kilipata asilimia 2.6 ya kura mwaka 1928. Mdororo wa uchumi ukaingia, watu kama milioni sita wakakosa kazi, na Julai 1932 kikapata asilimia 37.3. Hakikuwahi kupata nusu ya kura katika uchaguzi huru. Hitler aliteuliwa kuwa chansela tarehe 30 Januari 1933 na Rais Hindenburg, kwa ushauri wa wanasiasa waliodhani watamshika mkono na kumwongoza. Tarehe 23 Machi bunge lilipiga kura 444 dhidi ya 94 kuipa serikali yake mamlaka ya kutunga sheria bila bunge. Ni siku 52 tangu kuteuliwa. Wabunge wa Kikomunisti walikuwa wamekamatwa au wamejificha, na waliopiga kura ya hapana ni wa chama kimoja tu, Wasoshalisti.

Sheria ilivunjwa kwa kutumia sheria, tena mapema sana. Kambi za kuua kwa gesi zilikuja miaka minane baadaye, vita ikiwa imepamba moto. Watu wanaosubiri kuona kambi ndipo waamini, wanasubiri sura ya mwisho ya kitabu.

Rwanda, na dikteta aliyekufa mapema

Sasa twende kwa jirani. Rais Juvénal Habyarimana alichukua Rwanda kwa mapinduzi mwaka 1973 na akatawala kwa chama kimoja. Kufikia 1990 kiti kilikuwa kinamcheza: bei ya kahawa imeanguka, wafadhili wanadai vyama vingi, na tarehe 1 Oktoba wakimbizi wa Kitutsi waliokulia Uganda wakaingia kwa silaha kupitia chama chao, RPF. Katiba mpya ya 1991 ikaruhusu vyama vingi. Magazeti yakachipuka. Serikali ikawa ya mseto, waziri mkuu akitoka upinzani.

Kwa maneno mengine, nchi ilikuwa inafunguka. Hili watu wengi hawalitegemei. Tunadhani mauaji ya kimbari ni kilele cha utawala wenye nguvu zote, kumbe mara nyingi huandaliwa na kundi linalohisi madaraka yanaliponyoka. Mkataba wa amani wa Arusha kati ya serikali na RPF, wa tarehe 4 Agosti 1993, ungewalazimisha wakubwa wa Kigali kugawana jeshi, wizara na ulaji. Waliotaka kuuvuruga walihitaji adui ambaye hakuna mapatano naye.

Na adui alikuwa tayari ameandikwa. Wabelgiji, miaka ya 1930, walihesabu watu na kuwapa vitambulisho vyenye kabila. Kitambulisho cha Rwanda hadi 1994 kilikuwa na mstari wa ubwoko, yaani kabila, na mbele yake yamechapwa maneno manne: Hutu, Tutsi, Twa, Naturalisé. Karani alikata yasiyokuhusu. Lililobaki bila mstari ndilo wewe, na ulilirithi kwa baba. Hebu liwaze tendo hilo: kalamu, rula labda, na foleni ya watu mlangoni. Karani yule hakumchukia mtu. Miaka baadaye, kijana mwenye panga kwenye kizuizi hakuhitaji kujua historia ya mtu wala kutazama pua yake. Alihitaji kusoma neno moja. Mkataba wa Arusha ulikuwa umekubali kabila lifutwe kwenye nyaraka zote za serikali. Serikali ya kulifuta haikuwahi kuanza kazi.

Julai 1993 redio RTLM ikaingia hewani. Ilipendwa kwa muziki wake mzuri na watangazaji waliopiga soga kama watu wa mtaani, na katikati ya soga hizo Watutsi waliitwa inyenzi, mende. Mmoja wa waasisi wake, Ferdinand Nahimana, alikuwa mwanahistoria na mhadhiri wa chuo kikuu. Elimu haikumzuia. Pauline Nyiramasuhuko alikuwa waziri wa familia na maendeleo ya wanawake, na Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari na kwa ubakaji kama uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Habyarimana, ikirudi kutoka mkutano wa marais Dar es Salaam, ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Alikufa pamoja na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Usiku ule ule vizuizi vikasimamishwa Kigali, na kesho yake asubuhi Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, Mhutu wa upinzani, akauawa pamoja na askari 10 wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda.

Angalia hapo. Dikteta alikufa mwanzoni kabisa. Mashine ilikwenda bila yeye kwa takriban siku 100, ikaua zaidi ya watu 800,000. Serikali ya Rwanda inasema ni zaidi ya milioni moja. Kama tatizo lingekuwa mtu mmoja mwovu, lingeisha na ndege ile.

Wiki mbili za Butare

Mkoa wa Butare, kusini, ulikuwa na Watutsi wengi na ndoa nyingi za mchanganyiko. Mkuu wake wa mkoa aliitwa Jean-Baptiste Habyalimana, jina linalofanana na la rais bila undugu wowote. Alikuwa Mtutsi, wa pekee katika cheo hicho nchi nzima. Kigali ikiwaka, yeye aliitisha mikutano ya usalama, akazunguka kuwatuliza watu, akawasimamia wakuu wa komuni, yaani maeneo ya utawala yaliyo chini ya mkoa, wasiruhusu uchomaji. Watu wa mikoa mingine wakaanza kukimbilia kwake. Kwa karibu wiki mbili sehemu kubwa ya Butare ilibaki imetulia, huku sheria zikiwa zile zile, kabila ni zile zile, vitambulisho ni vile vile na RTLM inasikika kama kwingine.

Tarehe 17 Aprili redio ilitangaza ameondolewa. Siku hiyo hiyo aliondolewa pia mkuu wa mkoa wa Kibungo, Godefroid Ruzindana, naye alikuwa amekataa mauaji. Wote wawili waliuawa baadaye. Tarehe 19 rais wa mpito, Théodore Sindikubwabo, ambaye ni mzaliwa wa Butare na daktari wa watoto, alikuja kumsimika mkuu mpya. Katika hotuba yake aliwasema watu wa mkoa wake kwa kukaa pembeni kana kwamba mambo hayawahusu, na akataka wasiotaka "kufanya kazi" wawapishe wenye kuitaka. Kila aliyekuwa ukumbini alijua kazi ni nini, maana neno hilo lilikuwa likitumika redioni kwa maana ya kuua. Askari wa ulinzi wa rais wakaletwa kutoka Kigali. Tarehe 20 aliuawa Rosalie Gicanda, bibi mzee mjane wa Mwami Mutara Rudahigwa, na baada ya hapo mauaji ya Butare yakawa kama mafuriko.

Mkoa wa jirani, Gitarama, una habari yake. Komuni ya Taba iliongozwa na Jean-Paul Akayesu, mwalimu wa zamani aliyependwa na watu wake. Majaji wa Arusha walikubali kwamba siku za mwanzo alijaribu kuzuia mauaji. Kisha tarehe 18 Aprili wakuu wa komuni waliitwa kukutana na serikali ya mpito huko Murambi. Alirudi mtu mwingine. Kulipokucha alisimama Gishyeshye mbele ya umati na kuwahimiza waungane kumwondoa adui. Tarehe 2 Septemba 1998 akawa binadamu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, na katika hukumu hiyo hiyo ubakaji ukatambuliwa kuwa njia ya kuliangamiza kabila.

Nimeisoma habari ya Taba na ya Butare mara nyingi, na kila mara nasimama hapo hapo. Mmoja alitii ndani ya usiku mmoja, mwingine akakataa hadi alipoondolewa. Serikali haikuwa na askari wa kutosha kuua nchi nzima. Ilihitaji tarafa, kata na mtaa viitikie. Ndiyo maana rais alipoteza muda, katikati ya vita, kusafiri kwenda kuhutubia mkoa uliokuwa haujaanza. Angekuwa na uwezo wa kuua bila wao, asingesumbuka kwenda.

Wapo waliokataa na wakafaulu. Komuni ya Giti, mkoa wa Byumba, inakumbukwa kwa sababu kiongozi wake hakuruhusu mauaji yaanze hadi RPF ilipofika. Mjini Kigali, Waislamu wengi wa Biryogo, mtaa ulioanza na wafanyabiashara waliosema Kiswahili, waliwaficha waliokimbilia kwao. Si wote walikuwa safi. Mhariri wa gazeti la chuki la Kangura, Hassan Ngeze, alikuwa Mwislamu. Lakini jamii yao kwa jumla haikuitikia wito.

Na leo je?

Baadhi ya watu husema simu zimeondoa hatari hii, maana hakuna kinachofichika. Kufichika hakukuwa tatizo hata 1994. Kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, Jenerali Roméo Dallaire, alituma faksi New York tarehe 11 Januari, miezi mitatu kabla, akieleza kuna maghala ya silaha na watu wanaoandikisha Watutsi wa Kigali. Mauaji yalipopamba moto, tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama lilikipunguza kikosi chake kutoka watu 2,500 hivi hadi 270. Rwanda yenyewe ilikuwa mjumbe wa Baraza mwaka ule, kwa hiyo mwakilishi wa serikali iliyokuwa inaua alikaa kwenye meza iliyojadili mauaji hayo. Marekani nayo ilikuwa inalikwepa neno lenyewe, wasemaji wake wakiongelea "vitendo vya mauaji ya kimbari", kwa sababu kulitamka kungeleta deni la kufanya kitu.

Sudan inatuonyesha sura ya leo. Wanamgambo wa Janjaweed waliofanya unyama Darfur kuanzia 2003 walibadilishwa jina na kuwa kikosi rasmi, RSF, chenye biashara ya dhahabu na jeshi la maelfu. Vita ilipoanza Aprili 2023, wapiganaji wake na washirika wao waliwasaka watu wa kabila la Wamasalit wa mji wa El Geneina, huko Darfur, nyumba kwa nyumba. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikadiria waliouawa mjini humo mwaka ule kuwa kati ya 10,000 na 15,000. Oktoba 2025 mji wa El Fasher uliangukia mikononi mwao baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya siku 500. Satelaiti zilipiga picha ardhi iliyobadilika rangi na vitu vyenye ukubwa wa miili ya watu. Wauaji wengine walijirekodi wenyewe kwa simu. Dunia iliona karibu moja kwa moja, na kuona hakukumwokoa mtu.

Sheria ilijaribiwa pia. Machi 2025 Sudan iliushitaki Umoja wa Falme za Kiarabu kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, kwa madai ya kuisaidia RSF, madai ambayo Falme hizo zinayakanusha. Mei mwaka huo kesi ikatupwa kabla madai yenyewe hayajaamuliwa. Sababu ni kwamba Falme hizo zilipojiunga na mkataba wa 1948 ziliweka sharti la kutofungwa na ibara ya 9, inayoipa mahakama hiyo uwezo. Sharti kama hilo nchi nyingine kadhaa pia zinalo, Marekani ikiwemo. Yaani unaweza kutia saini ya kukataza mauaji ya kimbari, na kwenye karatasi hiyo hiyo ukaandika kwamba usiulizwe.

Myanmar nayo inavunja dhana ya kwamba demokrasia pekee ni kinga. Sheria ya uraia ya 1982 iliwaacha Warohingya, Waislamu walio wachache nchini humo, bila nchi. Facebook ilipoenea, ikafanya kazi iliyofanywa na RTLM. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema hivyo mwaka 2018, na kampuni yenyewe ikakiri haikufanya vya kutosha. Jeshi lilipoanza operesheni Agosti 2017, zaidi ya watu 700,000 walikimbilia Bangladesh. Nchi wakati huo ilikuwa na serikali ya kiraia iliyochaguliwa, na aliyekwenda The Hague Desemba 2019 kuitetea nchi ni Aung San Suu Kyi, mshindi wa Nobeli ya amani. Nchi ndogo ya Gambia ndiyo iliyofungua kesi ile. Hilo linanipa moyo kuliko maazimio mengi.

Kilichobadilika kweli ni uwezo wa kumjua mtu. Sisi Watanzania tulipanga foleni mwishoni mwa 2019 kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Sisemi usajili ni mbaya. Umetusaidia dhidi ya matapeli. Ila orodha nzuri ya leo inabaki kuwa orodha kesho, chini ya mtu mwingine. Wakenya bado wanakiita kitambulisho kipande, neno la enzi za mkoloni, Mwafrika alipolazimishwa kukining'iniza shingoni kwenye kikopo cha bati. Mwanzoni mwa 2008, kwenye vizuizi vya Bonde la Ufa, vijana waliwadai abiria vipande ili wasome majina na wajue nani ashushwe. Kabila halikuandikwa; jina lilitosha.

Mtafiti wa Kimarekani Barbara Harff alipitia machafuko ya tangu miaka ya 1950 kutafuta nini kinaitofautisha nchi inayotumbukia na isiyotumbukia. Umaskini au wingi wa makabila havikuwa jibu lenyewe. Alichokiona ni msukosuko mkubwa wa kisiasa, utawala wa kimabavu, kundi la juu lenye itikadi ya kulitenga kundi jingine, tabaka tawala linalotoka katika kabila la wachache, nchi isiyofungamana na biashara ya nje, na historia ya mauaji kama hayo huko nyuma. Hilo la mwisho ndilo zito kwetu wa Maziwa Makuu. Aliyewahi kuua na asiulizwe amejifunza kwamba inawezekana.

Nani huyasimamisha

Hapa ukweli unauma. Mara nyingi mauaji haya, ya kimbari au ya halaiki, yamesimamishwa na jeshi lililoingia kwa sababu zake. India iliingia Pakistan ya Mashariki, Bangladesh ya leo, mwaka 1971. Vietnam iliingia Phnom Penh Januari 1979 na kuwafukuza Khmer Rouge, na malipo yake yakawa lawama. Umoja wa Mataifa uliwaachia Khmer Rouge kiti cha Kambodia kwa miaka. Wanajeshi wetu waliingia Kampala Aprili 1979 baada ya Amin kuvamia Kagera, na wapo waliotulaumu kwa kuvuka mpaka. Rwanda ilisimamishwa na RPF Julai 1994. Hakuna kati ya hao aliyetumwa na Baraza la Usalama.

Kwa hiyo ukiniuliza pa kuweka nguvu, naziweka mapema, kabla jeshi la mtu halijahitajika. Naziweka kwenye maneno, kwa mfano. Kiswahili chetu hakina usalama wa kuzaliwa nao. Madoadoa ni neno la kitoto, la chui na la kanga. Katika siasa za Bonde la Ufa liligeuzwa kuwa jina la majirani wa kabila jingine, na "kuondoa madoadoa" kukawa kuwafukuza kwenye mashamba yao. Watu zaidi ya 1,100 walikufa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Mwaka 2022 mwanasiasa aliyelitamka jukwaani Eldoret alikamatwa ndani ya saa chache, na wengi walisema serikali imetia chumvi kwa neno moja tu. Nadhani ilifanya sawa.

Naziweka pia kwenye ofisi za kawaida. Mkuu wa mkoa anayeweza kufukuzwa kwa tangazo la redio, bila mahakama ya kumsikiliza, bila bunge la kuuliza, bila wenzake kumwunga mkono, anaweza kuzuia kwa wiki mbili. Rwanda ilikuwa na mikoa 11. Butare na Kibungo viongozi wao walikataa waziwazi, na wa Gitarama alijikongoja siku za mwanzo kabla ya kuzidiwa. Waliobaki ama waliitikia ama walinyamaza. Siku ile ya tarehe 17 Aprili, majina mawili yaliposomwa redioni, hakuna mkuu wa mkoa hata mmoja kati ya waliobaki aliyejitokeza kusema kwamba wakiondolewa hao, na yeye anaondoka.